Neno "pasture": limetoka mdomoni, si kwenye nyasi

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kule kwenye uzi wa wafasiri watu walipigana vikumbo kuhusu "pasture". Tuseme malisho, machunga, mbuga au nyika? Uzi ukaishia kwenye matusi, ukafungwa. Nimeona neno hili nilifungulie kijiwe chake, tulifuate tangu lilikozaliwa, maana jibu la ubishi ule limo humo humo.

La kwanza: ndani ya "pasture" hamna unyasi hata mmoja. Ni neno la kula. Kilatini kina kitenzi "pascere", kulisha. Kitenzi hicho kikazaa "pastus", ulishaji, na baadaye, Roma ikiwa imeshachoka, likaja "pastura". Wafaransa wa zamani wakarithi "pasture". Leo wanaandika "pâture", na ile kofia juu ya a ni alama kwamba palikuwa na s ikadondoka. Waingereza wakalipata kwenye lugha ya mabwana waliovuka kutoka Normandy mwaka 1066, na katika maandishi yao linaanza kuonekana karibu na mwaka 1300.

Mwanzoni lilibeba mizigo mitatu kwa mpigo: chakula cha mnyama, tendo la kula, na mahali pa kulishia. Leo ule wa tatu ndio umebaki juu. Sasa tazameni la kwetu: kula, lisha, malisho. Njia ni ile ile, na hakuna aliyemuiga mwenzake. Ndiyo maana nasema "malisho" imekaa sawasawa na "pasture" kuliko maneno yote yaliyotajwa kule. Mbuga na nyika ni sura ya nchi, ziko pale hata kama hakuna ng'ombe hata mmoja. Malisho yanataka mdomo.

Zaburi ya 23 inaonyesha jambo hili vizuri. Biblia ya Kilatini inasema "in loco pascuae", mahali pa kulishia, basi. Kiingereza cha 1611 kikaweka "green pastures". Ya kwetu inasema "katika malisho ya majani mabichi hunilaza". Kiebrania kinayataja hayo majani mabichi yenyewe, "deshe". Kiswahili kimeyaleta mazima, Kiingereza kimeleta rangi peke yake. Wanaopenda kusema Biblia yetu ni nakala ya Kiingereza wajibu hilo.

Ndugu wa karibu kabisa ni "pastor". Kwa Kilatini ni mchunga mifugo, mtu wa fimbo na mbwa, jua na mvua vyake. Wakristo wakampandisha madhabahuni. Sisi tukampokea mara mbili: kwa Walutheri ni mchungaji, kwa Wapentekoste ni pasta, mtu yule yule. Fimbo ya askofu iliyopinda kichwani ni ya kuvutia kondoo. Hata waumini Kiingereza kinawaita "congregation", na humo ndani mna "grex", kundi la mifugo. Kundi hilo limeacha pia "segregate", kutengwa na kundi, na "egregious", aliyejitokeza nje ya kundi. Hili la mwisho lina kituko: zamani lilikuwa sifa ya mtu aliyewazidi wenzake, leo ukilikuta kwenye hukumu ya mahakama ujue kosa limepita mipaka.

Karibuni tuchambue.

Msomali wa Tandale

Siti ya mbele nimeshakaa. Endelea mkuu.

Binti Pangani

Asante mleta uzi. Swali la jikoni: na pasta ya kula je? Tambi, makaroni na ndugu zao. Au Waitaliano nao walikuwa wanachunga?

Kisiki cha Mpingo

Dada Binti Pangani, hiyo ni pasta nyingine kabisa. Ya kula ni kinyunga. Ilitoka Ugirikini ikapitia Kilatini cha mwisho mwisho, na inakaa nyumba moja na "paste" ya Kiingereza, ile gundi, pamoja na "pastry". Kufanana na "pastor" ni bahati tu.

Ila kwenye menyu ya Kiitaliano yumo ndugu wa kweli: "antipasto". Watu hudhani maana yake ni kitu cha kabla ya tambi. Siyo. "Pasto" ni mlo, kutoka "pastus" ile ile ya ng'ombe. Antipasto ni cha kabla ya mlo. Kiingereza nacho kina "repast", karamu ya watu wenye adabu zao, na mzizi wake ni kulisha mifugo.

Frateri Mstaafu

Nilisoma seminari mpaka Kilatini kikaniingia, wito ukagoma. Naomba niongeze mawili.

Moja. Mwaka 1086 mfalme William alifanyiwa sensa ya mali ya Uingereza, ile inayoitwa Domesday, ikaandikwa kwa Kilatini. Kwenye vijiji vya Middlesex, upande ambao leo London imeumeza, kuna sentensi inajirudia mpaka unaikariri: "pastura ad pecuniam villae". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakwambia ni malisho kwa ajili ya fedha za kijiji, kwa sababu "pecunia" kafundishwa ni fedha. Hapana. Pale "pecunia" ni mifugo: malisho ya kutosha mifugo ya kijiji. Neno hilo linatoka kwa "pecus", mifugo, likawa fedha, halafu makarani wa William wakalirudisha zizini. Na Kiingereza chenyewe kimefanya hivyo hivyo: "cattle" na "capital" ni neno moja, Kilatini "capitale", mali.

Mbili. Wataalamu wengi wanauweka mzizi wa "pascere" pamoja na "panis", mkate. Mtu unayekula naye mkate mmoja ni "companion". Kundi la watu hao ni "company". Hiyo ndiyo kampuni yako uliyoisajili BRELA juzi.

Msomali wa Tandale

Kwa hiyo kampuni yangu na malisho ya mbuzi ni mtu na shangazi yake. Sawa.

Layoni Mstaafu

Mimi nimekua nachunga, sikusoma Kilatini. Mleta uzi umesema "pastor" ni mchunga, umesema "pasture" ni malisho. Kamba je? Huwezi kuchunga bila kamba. Mbuzi mkorofi tulimfunga mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja, kamba ya katani, urefu kama dhiraa moja hivi. Anakula, anatembea hatua fupi fupi, lakini shamba la mtu hafiki. Ukikaza sana inamchubua juu ya kwato na usiku baba anakuona. Waingereza hawakuwa na neno la hiyo?

Kisiki cha Mpingo

Layoni, umefika penyewe. Walikuwa nalo, na limeacha watoto wawili ambao hakuna anayewakumbuka kwamba ni wa malishoni.

Kamba ya kumfunga mnyama miguu akiwa malishoni Wafaransa wa zamani waliiita kwa jina lililotoka humo humo kwenye "pasture". Kisha jina likahama kutoka kwenye kamba likakaa kwenye mguu, pale pale kamba ilipofungwa. Ndiyo "pastern" ya Kiingereza: kipande cha mguu wa farasi kati ya kifundo na kwato. Pale pale unaposema panachubuka.

Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755, alipofika kwenye neno hili aliandika kwamba ni goti la farasi. Mama mmoja akamuuliza ilikuwaje akaandika hivyo. Akajibu: "Ujinga, mama, ujinga mtupu." Nampenda mzee yule kwa jibu hilo kuliko kwa kamusi yenyewe.

Mtoto wa pili ni "pester", kumsumbua mtu bila kumpa nafasi. Kwa Kifaransa "empestrer" ilikuwa kumfunga mnyama miguu kwa kamba hiyo. Kiingereza kikalichukua kwa maana ya kutatiza, kuzonga, kujaza mahali watu wasipite.

Mbishi Mwandamizi

Hapo kwenye "pester" napinga. Si linatoka kwa "pest", mdudu mharibifu? Linaonekana wazi.

Kisiki cha Mpingo

Linaonekana, na Waingereza wenyewe waliliona hivyo hivyo, ndipo maana ikageuka. "Pest" asili yake ni tauni, ukoo mwingine. Lakini sauti zilifanana mno, watu wakaziunganisha vichwani, na "pester" likaacha kuwa kufunga miguu likawa kusumbua kama mdudu. Kwa hiyo maana ya leo ina mkono wa "pest", asili haina.

Mbishi Mwandamizi

Nimekubali nusu.

Ngosha wa Maswa

Mleta uzi, nataka tofauti ya "pasture" na "meadow". Shuleni tuliambiwa yote ni uwanja wa majani. Sisi Wasukuma tuna ngitili: mvua zikianza unalifunga eneo, hakuna ng'ombe anayekanyaga, nyasi zinakua na miti inachipua, unalifungua kiangazi kikishika kasi. Wakati wa mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ngitili zilifufuliwa kwa wingi. Hiyo kwa Kiingereza ni ipi kati ya mbili hizo?

Kisiki cha Mpingo

Ngosha, tofauti ipo na ni kubwa, ingawa Waingereza wa mjini nao wameshaisahau. "Pasture" mnyama anaingia anakula mwenyewe. "Meadow" nyasi zinafyekwa, zinakaushwa juani, zinakuwa hei ya kuwalisha ng'ombe kipindi cha baridi ambapo nje hakuna kinachoota. "Meadow" ni la Kiingereza cha kale kabisa, kabla ya Wafaransa, na ni ndugu wa "mow", kufyeka.

Sasa angalia kalenda yao. Mwanzoni mwa mwaka au karibu na Machi waliifunga "meadow", mifugo nje. Katikati ya kiangazi wanafyeka. Halafu sehemu nyingi zilikuwa zinafunguliwa tarehe 1 Agosti, sikukuu ya Lammas, mifugo ya kijiji kizima inaingia kula yale majani machanga yaliyochipua upya baada ya fyeko la kwanza. Majani hayo yana jina: "aftermath". "Math" hapo haina uhusiano wowote na hesabu. Ni neno la kale la kufyeka. "Aftermath" ni kilichoota baada ya fyeko.

Fikiria hilo neno leo liko wapi. Tetemeko la ardhi, vita, mafuriko, kila taarifa ya habari "the aftermath". Katika karne ya 16 lilikuwa jina la majani matamu ambayo ng'ombe aliyasubiri kwa hamu. Karne ya 17 likaanza kutumiwa kwa matokeo ya mambo mengine, likaendelea hivyo mpaka mkulima akanyang'anywa. Ukimwambia mtangazaji kwamba anataja chakula cha ndama hatakuelewa.

Kuhusu ngitili: hamfyeki, mnafunga mkafungua. Kwa hiyo ni "pasture" iliyowekwa akiba. Neno moja la Kiingereza la kuikaa sawasawa silioni, na mimi ningeandika ngitili na kuieleza mara moja.

Ngosha wa Maswa

Wabeja. Hapo nimeelewa.

Mtoto wa Mbagala, Oxford

Nipo huku, nimesoma kimya tangu mwanzo, ila mmegusa uwanja wangu. Kaskazini magharibi mwa mji kuna eneo linaitwa Port Meadow, kando ya mto Thames. Jina "meadow", kazi "pasture". Hakuna anayefyeka pale: ng'ombe na farasi wako humo na watu wanapita na mbwa wao, baiskeli na watoto. Msimu wa baridi nusu inakuwa ziwa, bata bukini wanatua, maji yakikauka nyasi zinarudi fupi kama kapeti.

Alichosema Frateri kuhusu Domesday kipo hapa: sensa ile ya 1086 inataja kwamba wenyeji wa Oxford wana malisho ya pamoja nje ya ukuta wa mji, yanayolipiwa shilingi 6 na peni 8. Haki hiyo haijafa. Na kuna siku moja kwa mwaka, haitangazwi, mkuu mmoja wa mji mwenye cheo cha Sheriff anasimamia kuswagwa kwa mifugo yote, wanaangalia ya nani ni ya nani. Asiye na haki akikutwa na mnyama wake anatozwa faini. Mara ya kwanza kuona ng'ombe amesimama katikati ya njia na maprofesa wanamzunguka kwa heshima nilicheka peke yangu.

Wakili wa Kijiweni

Mtoto wa Mbagala kanifungulia mlango. Katika sheria ya Uingereza "pasture" ina maana ambayo kamusi ndogo haikupi: ni haki, si ardhi. Wanaita "common of pasture", haki ya kulishia mifugo yako kwenye ardhi ya mtu mwingine. Udongo ni wa bwana, nyasi zinaingia kwenye tumbo la ng'ombe wako, na bwana hana la kusema ilimradi hujazidisha. Kipimo chao cha zamani nakipenda: unaruhusiwa idadi ya wanyama ambao shamba lako mwenyewe linaweza kuwalisha wakati wa baridi. Yaani usije na ng'ombe wa kukodi.

Pia kuna haki ya kuingiza nguruwe msituni msimu wa kupukutika wakale matunda ya mialoni. Inaitwa "pannage", na mleta uzi atafurahi: nalo limetoka kwa "pascere", limekunjwa kunjwa na Wafaransa mpaka halitambuliki. Kule New Forest, kusini mwa Uingereza, bado inafanyika kila mwaka, na ina faida ya kweli, maana matunda yale mabichi ni sumu kwa farasi na ng'ombe, nguruwe wanayala bila shida.

Hayo ndiyo mazuri. Mabaya ni kwamba kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi za namna hiyo, jumla kama ekari milioni 6.8, zaidi ya moja ya tano ya England. Mwenye haki iliyoandikwa alipewa kipande au fidia. Mwenye ng'ombe mmoja aliyekuwa analisha kwa mazoea tu, kama babu yake, mara nyingi alitoka mikono mitupu.

Na tusianze ubishi wa ardhi ya malisho ya Loliondo hapa, mods watafunga uzi.

Kisiki cha Mpingo

Wakili, hapo umegusa ninachokiamini kuhusu neno hili. Angalia mgawanyo: nyasi "grass", kula nyasi "graze", kufyeka "mow", hei "hay", mchunga kondoo "shepherd", yote ni ya Kiingereza cha kale, ya mtu aliyeko juani. "Pasture", "common", "pannage", na "enclosure", huko kuzungushia ua, yote yalikuja na Kifaransa, ni ya karatasi na baraza. Mchunga alikuwa na neno lake la malisho, "læs". Limekufa, limebaki kwenye majina machache ya mahali. Lililoshinda ni la yule aliyekuwa anaandika nani ana haki ya kulisha wapi.

Mbishi Mwandamizi

Hili nalikubali lote, usizoee.

Shabiki wa Jumapili

Majina ya mahali? Mimi najua mpira tu. Burnley, Barnsley, Wembley. Yanaishia sawa.

Kisiki cha Mpingo

Shabiki, hayo ni ya "lēah", neno jirani lakini siyo lile. "Lēah" ni uwazi uliosafishwa msituni, baadaye watu wakalitumia pia kwa uwanja wa nyasi. Wembley imeandikwa kwenye hati ya mwaka 825 kama "Wemba lea", uwazi wa bwana Wemba. Nani alikuwa Wemba hakuna kumbukumbu, ila fainali zinachezwa kwake.

Binti Pangani

Niwarudishe kazini, mimi natafsiri kwa mkate. "Greener pastures" na "put out to pasture", mnazipelekaje?

Kisiki cha Mpingo

Ya kwanza magazeti yetu yameshaimaliza: mchezaji ametimka kusaka malisho mapya. Imeingia, inaeleweka, itumie kwenye michezo na ajira. Kwenye barua rasmi andika tu kwamba amepata kazi yenye maslahi zaidi.

Ya pili ina mtego. Asili yake ni farasi wa kazi aliyezeeka, anafunguliwa hatamu na kuachiwa uwanjani ale mpaka siku zake ziishe. Kwa mtu ni kustaafishwa, na mara nyingi kuna dharau ndani yake: hatumhitaji tena. "Kupelekwa malishoni" kwa Kiswahili haina dharau hiyo, mtu atadhani amepewa ulaji. Andika "amewekwa kando" au "amepumzishwa", mwenye masikio atasikia.

Layoni Mstaafu

Mimi nina la mwisho nikalale. Mmesema "graze" ni kula nyasi. Mbuzi hali nyasi akipata jani. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anashika tawi la mgunga, anachagua. Hilo nalo lina jina?

Kisiki cha Mpingo

Lina jina na unalitumia sasa hivi. Ni "browse". Kifaransa cha kale "broust", chipukizi, jani changa la mti. Ng'ombe "grazes", mbuzi na twiga "browse": anachukua hapa kidogo, pale kidogo, anahama. Karne ya 19 wakaanza kusema hivyo kwa mtu anayefungua fungua vitabu maktabani. Kisha zikaja kompyuta, na programu ya kuperuzi ambayo Tim Berners-Lee aliiandika kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1990 tunaiita hivyo hivyo, browser.

Layoni Mstaafu

Kwa hiyo mimi na simu yangu ni mbuzi.

Msomali wa Tandale

Sisi sote. Mimi nimekula majani ya uzi huu tangu saa mbili usiku, bando limekata, haya naandika kwa waifai ya jirani.